Vibarua wa Saa Kumi na Moja: Namna ya Kusoma Mifano ya Bwana Yesu

Somo la kusoma nyumbani: Mathayo 19:27 hadi 20:16



Kwa majuma kadhaa sasa darasa letu la Biblia la Jumatano limekuwa likipitia mifano ya Bwana Yesu, na baadhi yenu mmeniomba niandike kwa ajili ya wale ambao zamu za jioni na usiku haziwaruhusu kufika. Naandika kama muuguzi na mzee wa kanisa, si kama mchungaji. Fungua Biblia yako uiweke karibu, maana sitanakili mafungu hapa. Nitataja sura na mstari, nawe utasoma mwenyewe, ikiwezekana kwa sauti, watoto wakisikia.

Swali lililorudi mara nyingi darasani ni hili: kwa nini Yesu hakusema mambo moja kwa moja? Mwalimu mwenye ujumbe wa uzima na mauti, mbona anazunguka na habari za chachu, nyavu, kondoo na vibarua? Mimi kazini nikimzungukia mgonjwa namna hiyo kuhusu dawa zake, nitaitwa ofisini siku hiyo hiyo.

Jibu tulilopewa shule ya Jumapili ni kwamba alitaka kurahisisha, ili wakulima na wavuvi waelewe. Lina ukweli wake. Lakini soma Marko 4:10–12 uone kwamba Injili haiishii hapo. Bwana anawaambia wanafunzi kwamba kwa walio nje mifano inaweza kuwa kama pazia, na anakumbusha ile habari ya Isaya sura ya 6 juu ya watu ambao macho na masikio wanayo ila hayafanyi kazi. Ni maneno magumu, na kuna ndugu mmoja darasani aliyeomba turuke mstari ule. Hatukuuruka. Tulirudi mstari wa 10 tukatazama ni nani waliokuwa wakielezwa. Umati wote kando ya ziwa ulisikia hadithi ile ile ya mpanzi. Wengine wakakung'uta mchanga miguuni wakaenda zao. Wachache wakabaki, wakasogea, wakauliza. Hao ndio walioelezwa. Kwa hiyo tofauti ya walio ndani na walio nje haikuwa akili wala elimu. Mlango ulikuwa wazi kwa yeyote ambaye hadithi ilimsumbua kiasi cha kurudi kuuliza.

Mfano, mithali, fumbo

Sisi Waswahili tuna faida fulani hapa, na ni vizuri tuijue, kwa sababu watoto wetu wanaosoma Biblia kwa Kiingereza hawaioni.

Neno letu mfano liko jirani na kufanana. Neno la Kigiriki lililotumika katika Injili, parabole, lina maana ya kuweka kitu kando ya kingine ili uvilinganishe. Nyuma ya Kigiriki hicho kuna neno la Kiebrania, mashal, na hilo ni ndugu wa damu wa neno la Kiarabu lililotupa sisi mithali na methali. Kitabu cha Mithali kwa Kiebrania kinaitwa kwa neno hilo hilo. Waebrania walilitumia kwa methali, kwa kisa kirefu, kwa fumbo, na hata kwa maneno ya kumsuta mtu. Anayejua jinsi bibi zetu walivyosema na watu hawezi kushangaa. Bibi hamwambii mkwe wake kwamba ni mchoyo. Anasimulia habari ya fisi, anaendelea kuchambua mchele, na mkwe anakwenda kulala na fisi wake. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua.

Mfano bora wa jambo hili katika Agano la Kale ni 2 Samweli 12. Daudi amemchukua mke wa Uria na kumwua Uria kwa hila vitani. Nabii Nathani angekuja na mashtaka ya wazi angekutana na mfalme mwenye askari na visingizio. Akaja na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja aliyelelewa nyumbani kama mtoto. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu ya kifo, na kisha akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Tazama mpangilio: Daudi alikwisha kuhukumu kabla hajajua kwamba ameketi kizimbani. Mfano ulimwingia kwa mlango wa nyuma, wakati walinzi wote wako mbele.

Nimekaa na kisa hicho kwa sababu naamini ndicho ufunguo wa mifano mingi ya Yesu. Ukimaliza kusoma mfano huku ukifikiria jinsi unavyomfaa jirani yako, shemeji yako au kanisa lile lingine, jua hujaumaliza.

Kusoma kupita kiasi

Kuna namna moja ya kusoma mifano ambayo ina heshima kubwa katika historia ya Kanisa, nayo ni kukipa kila kitu ndani ya hadithi maana yake ya siri. Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika ya Kaskazini, alisoma Msamaria Mwema hivyo. Majeruhi ni Adamu, nyumba ya wageni ni Kanisa, na mwenye nyumba ile ni mtume Paulo. Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Roma kuanzia 590 hadi 604, alihubiri juu ya vibarua wa shamba la mizabibu kwa njia hiyo hiyo: asubuhi ni tangu Adamu hadi Nuhu, saa tatu ni tangu Nuhu hadi Ibrahimu, na kuendelea, hadi saa kumi na moja ambayo ni wakati wa tangu kuja kwa Kristo.

Siwadharau hao wazee wa imani. Na Bwana mwenyewe aliwahi kueleza mfano kipande kwa kipande: mpanzi katika Marko 4:13–20, na magugu katika Mathayo 13:36–43. Pale alipoeleza, tumfuate. Lakini pale ambapo hakueleza, naona tuwe waangalifu, kwa sababu kusoma kwa siri namna hiyo kuna urahisi wake. Nikisema kibarua wa saa kumi na moja ni mataifa yaliyoamini zamani za mitume, basi hadithi haina shida na mimi wala na dada aliyeketi kiti cha mbele yangu. Tumetoka salama. Mwishoni mwa karne ya 19 msomi wa Kijerumani, Adolf Jülicher, aliipinga sana desturi hiyo akasema kila mfano una jambo moja kuu. Waliomfuata wamesema yeye naye alibana mno, na nadhani wana haki, lakini alitusaidia kurudi kwenye hadithi yenyewe.

Kosa la pili ni la siku zetu zaidi: kuugeuza mfano kuwa sheria ya kumbana mtu mwingine. Talanta zinasomwa siku ya changizo tu. Mwana mpotevu anatupiwa kijana aliyechelewa kurudi nyumbani. Na nimewahi kusikia mwajiri Mkristo, mwenye wafanyakazi wa kutunza wazee majumbani, akiwaambia wasilalamike malipo kwa sababu hata wale wa shamba la mizabibu walilalamika wakakemewa. Huyo hakusoma mstari wa 13. Mwenye shamba alilipa kila kitu alichoahidi, kwa ukamilifu, jioni ile ile. Anayepunja mshahara hana pa kujificha katika mfano huu.

Mimi nikisoma mfano najiuliza mambo mawili tu. Nani walikuwa wakisikia? Na ni wapi ambapo hadithi inaacha kufanana na maisha ya kawaida? Maana mifano ya Yesu inaanza na vitu ambavyo kila mtu anavijua, halafu mahali fulani inapinda. Mwanamke anakanda unga, sawa, lakini pishi tatu za Mathayo 13:33 ni kama lita 40, mkate wa kulisha kijiji. Kuhani anapita, Mlawi anapita, na msikilizaji anamsubiri Mwisraeli wa kawaida aje aokoe jahazi, anakuja Msamaria. Pale penye kupinda ndipo penye ujumbe. Sasa tuende shambani.

Shamba la mizabibu

Nani walikuwa wakisikia? Sura ya 20 katika Biblia yetu inaanza na "kwa maana", na mtu hawezi kuanza mazungumzo na "kwa maana". Mgawanyo wa sura tulio nao uliwekwa karne ya 13, na hapa umekata katikati ya maneno. Rudi 19:27. Kijana tajiri ameondoka na huzuni yake, na Petro anatazama mgongo wake ukitokomea, kisha anauliza: sisi je, tulioacha vyote, tutapata nini? Yesu hamkaripii. Anamwahidi makuu, viti kumi na viwili na mara mia ya alichoacha. Kisha mstari wa 30 anatia onyo juu ya wa kwanza na wa mwisho, na hapo hapo anaanza hadithi.

Kwa hiyo wasikilizaji ni Petro na wenzake. Hawa si Mafarisayo, si wadhambi wa mjini. Ni waasisi. Watu wa tangu asubuhi.

Mwenye shamba anatoka alfajiri kutafuta vibarua. Neno letu kibarua lenyewe limetokana na barua, ile karatasi ndogo aliyopewa mfanyakazi wa kutwa kuonyesha kazi yake. Wanapatana dinari moja, malipo ya kawaida ya kutwa. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja. Hapa waambieni watoto wafungue Biblia zao za Kiingereza. Zile za zamani zinasema saa ya tatu, na mtoto anadhani ni saa tatu za simu yake. Baadhi ya zile mpya zimebadilisha kabisa na kuandika tisa asubuhi na tano jioni kwa hesabu ya Kizungu. Wewe uliyezaliwa Mwanza, Bukavu au Mombasa huhitaji maelezo. Saa zako zinaanza jua linapochomoza, kama za Wayahudi wa wakati ule. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja: jua limelegea, vivuli virefu, imebaki saa moja tu watu waweke vikapu chini. Ni kwa hesabu hiyo hiyo kwamba giza la siku ya msalaba lilishika tangu saa sita hadi saa tisa, na mtu wa pwani hana haja ya kuambiwa kwamba huo ndio wakati wa jua kali.

Hadithi imeanza kupinda taratibu. Mstari wa 8 unaonyesha kwamba tajiri huyu ana msimamizi. Kwa nini basi anakwenda sokoni mwenyewe, mara tano? Mwenye shamba anayejua shamba lake anahesabu watu asubuhi. Tena mtu gani anaajiri ikibaki saa moja? Darasani tulijaribu kumtetea kwamba pengine zabibu zilikuwa zimeiva na zingeharibika. Mama mmoja anayetoka Dodoma alituambia jinsi zabibu zikiiva zisivyosubiri mtu. Yawezekana. Lakini Mathayo hataji mavuno popote. Anataja watu waliosimama.

Swali la mstari wa 6 ni kwa nini wamesimama kutwa nzima bila kazi, na jibu la mstari wa 7 ni fupi kuliko yote katika hadithi: hakuna aliyewaajiri. Yeyote aliyewahi kukaa kijiweni anajua nani hubaki hadi jioni. Hapa Marekani utawaona kwenye maegesho ya maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi, wengi wao watu wa Meksiko na Amerika ya Kati, wamesimama tangu kabla ya mapambazuko. Gari la mjenzi linapofika, wanaochukuliwa ni vijana wenye mabega. Mchana wanabaki wenye mvi, mwenye mguu mbaya, yule ambaye hajui lugha kabisa. Wengi wetu tunawapita tukielekea kazini. Usimwite mvivu mtu aliyesimama kutwa nzima. Mvivu alirudi nyumbani saa nne.

Jioni inafika na malipo yanatolewa. Hilo halikuwa hiari. Sheria ya Musa, Kumbukumbu la Torati 24:14–15 na Walawi 19:13, ilikataza kulala na ujira wa kibarua, kwa sababu maskini aliutegemea usiku ule ule. Zingatia hilo, ndugu yangu unayelipwa kila wiki mbili. Dinari ilikuwa chakula cha nyumba moja kwa siku moja. Sehemu ya kumi na mbili ya dinari, ambayo ndiyo haki ya saa moja, isingetosha kuwalaza watoto wameshiba. Na watoto wa kibarua wa saa kumi na moja wana njaa ile ile ya watoto wa kibarua wa alfajiri.

Sisi huku tumezoea kugonga kadi. Dakika kumi zikipungua kwenye malipo tunaziona. Ndiyo maana mfano huu unatuuma kuliko ulivyowauma babu zetu waliolipwa kwa kutwa. Tunapima haki kwa saa, naye mwenye shamba anatazama sufuria.

Lakini pale hadithi inapopinda kabisa ni mstari wa 8: anaagiza waanze na wa mwisho. Fikiria angeanza na wa alfajiri. Wangepokea dinari yao, wakashukuru, wakaondoka wakiwa na furaha, wasijue chochote. Hakuna manung'uniko, hakuna hadithi. Mwenye shamba anawasimamisha makusudi waone. Anataka washuhudie wema wake kwa mwingine, na hapo ndipo moyo unapofunuliwa.

Sasa soma lalamiko lao, mstari wa 12, polepole. Hawasemi wamepunjwa. Wanasema: umewafanya hawa kuwa sawa na sisi. Pesa ilikuwa sawa hadi pale ilipofika mkononi mwa mwenzao.

Jibu linaanza na neno moja, "Rafiki". Katika Mathayo namna hiyo ya kuita rafiki inatokea mara tatu tu: hapa, kwa mgeni aliyeingia arusini bila vazi (22:12), na kwa Yuda usiku wa kukamatwa (26:50). Ni neno la upole kwa mtu aliye karibu sana na ambaye yuko hatarini. Kisha mstari wa 15 mwenye shamba anamwuliza kama jicho lake limeharibika kwa kuwa yeye ametenda wema. Tafsiri nyingi za Kiingereza za leo zinaandika hapo neno la wivu tu, jicho likapotea. Kwetu halipotei. Mtu asiyependa kuona mwenzake akipata, tunasema ana kijicho. Ugonjwa huo lugha yetu imeuweka mahali pake.

Sisi tuliotangulia

Kaka mmoja darasani aliinua mkono akasema, "Basi kama ni hivyo, kesho wote tutakuja saa kumi na moja." Tulicheka sana. Lakini swali lake ni la kweli, na nilimjibu kwa swali: umewahi kusubiri kibali cha kazi? Alinyamaza, maana alisubiri. Aliyekaa miezi kwenye kochi la mtu mwingine, anaamka mapema ajifanye anafagia ili asionekane mzigo, anajua kwamba kusimama bila kuajiriwa si mapumziko. Yule wa alfajiri alifanya kazi kutwa nzima akijua jioni atakula. Yule wa saa kumi na moja alishinda na hofu. Mimi sioni kwamba alipata siku rahisi.

Hapa nitasema wazi, maana mfano huu una jina letu. Katika makanisa yetu ya ughaibuni wako waliofika miaka ya 1990, kwa masomo au kwa bahati nasibu ya viza. Hakuna aliyewapokea uwanja wa ndege. Walilala kwenye zulia, wakaosha vyombo mahotelini, wakaanzisha ibada ya Kiswahili sebuleni mwa mtu mmoja wakiwa watu saba. Baridi ya miaka hiyo wanaijua wao. Na wako ndugu waliofika juzi kutoka kambini, wakapokelewa na magodoro, masufuria na mtu wa kuwapeleka kliniki, na kabla mwaka haujaisha mmoja anaongoza kwaya na mwingine amependekezwa kuwa mzee wa kanisa. Manung'uniko nimeyasikia jikoni baada ya ibada, na ninyi mmeyasikia. "Sisi tulipokuja tulipewa nini?" "Hawa wamekuta meza imeandaliwa."

Nyarugusu, kule Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mtu aliyeingia pale akiwa mtoto na kutoka akiwa na watoto wake alisimama sokoni tangu alfajiri. Ukimwuliza kwa nini umechelewa kufika, jibu lake ni la mstari wa 7. Hakuna aliyemwita. Wakati sisi tunahesabu miaka yetu ya kazi, yeye anahesabu miaka ya foleni ya mgao na mahojiano yaliyoahirishwa. Kanisa linapompa nafasi sawa na yangu, sijapungukiwa dinari.

Siyasemi haya kuwanyamazisha walioanza. Angalia tena 19:28–29: Bwana hakusahau alichoacha Petro. Jasho la waasisi linahesabiwa, na kanisa lisilowashukuru wazee wake lina kasoro. Kinachohojiwa ni jicho.

Majumbani mwetu pia limo. Mtoto wa kwanza katika familia nyingi za wahamiaji ndiye mkalimani. Ninawaona kliniki, binti wa miaka kumi na miwili akimtafsiria mama yake maneno ya daktari ambayo mtoto hakupaswa kuyasikia. Anajaza fomu, anapiga simu ya umeme, anawavisha wadogo zake. Miaka inapita, mambo yanalegea, mdogo wa mwisho anapata chumba chake na gari la kwenda chuo. Yule wa kwanza akinung'unika, mzazi usimtupie mfano huu kichwani. Mwite "rafiki" kwanza. Mkumbushe ulichomwahidi, na kama hukumpa, mpe.

Na kuna saa kumi na moja ya kitandani. Katika kazi ya uuguzi nimekaa na watu katika saa zao za mwisho, na wapo walioomba sala ambao ndugu zao hawakuwahi kuwasikia wakisali. Wakati mwingine ninachokiona kwa jamaa waliozunguka kitanda si furaha. Mke aliyebeba nyumba peke yake miaka yote anaona mume anaitwa mtoto wa Mungu dakika ya mwisho, na uso wake unasema lile neno la mstari wa 12. Simlaumu. Jua lilimchoma kweli. Yule mhalifu wa Luka 23:42–43 naye alifanya kazi chini ya saa moja. Makanisa ya Kiorthodoksi husoma kila Pasaka hotuba inayosemekana ni ya Yohana Krisostomo, na hotuba hiyo inatumia mfano huu kuwaita mezani wa saa ya kwanza na wa saa kumi na moja pamoja. Nadhani walichagua vema siku ya kuisoma.

Jambo la mwisho ninalotaka mlitazame ni kwamba hadithi haituambii yule mnung'unikaji alifanya nini. Mstari wa 14 anaambiwa achukue kilicho chake aende. Je, alikwenda na hasira? Alirudi alfajiri ya pili? Alipita njia moja na wa saa kumi na moja, wakaongea? Hatuelezwi. Na mistari michache baadaye, 20:20–21, mama wa wana wa Zebedayo anakuja kuwaombea wanawe viti vya kulia na kushoto. Hadithi ilikuwa imewapita juu ya vichwa, ingawa waliisikia kwa masikio yao wenyewe.

Jumatano ijayo tutasoma Luka 15 yote. Kabla ya kuja, soma mistari mitatu ya kwanza uone ni nani walikuwa wakinung'unika, kisha utafute nyumbani kwako nani ni ndugu mkubwa wa kwenye kile kisa, na kama aliingia ndani au alibaki uani. Wenye watoto waje nao na Biblia zao za Kiingereza. Chai na maandazi vitakuwepo. Tunaanza saa moja jioni kwa saa zetu, ambayo kwenye simu zenu ni saba, na tafadhali tusifike saa mbili.